Kisanduku cha Njia Nne

Fundi Waya ana jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini hata mumewe akimwita kwa hilo hageuki. Mtaa mzima unamjua kwa Waya, na ukimwona utaelewa: mfuko wa kulia wa gauni lake umejaa nyaya, wa kushoto umejaa nyaya, na kuna siku kwenye mkutano wa wazazi shuleni alitaka kutoa leso apenge kamasi, akatoa plagi. Mwalimu mkuu alinyamaza katikati ya hotuba. Waya akairudisha plagi mfukoni taratibu, akaendelea kusikiliza kama vile hakuna kilichotokea.

Ana kibanda karibu na stendi. Anatengeneza redio, simu, pasi, birika za umeme, na mara nyingine ndoa, maana watu wakikaa kusubiri vitu vyao huanza kumweleza mambo ya nyumbani, naye hana kizuizi mdomoni. Lakini kibanda ni cha kumpatia riziki. Moyo wake uko nyumbani, kwenye chumba cha nyuma alicholala binti yake mpaka alipoolewa. Binti hajamaliza hata mwezi kwa mumewe, mama mtu kashasimamisha kitanda wima, kaegemeza godoro dirishani, kapigilia mablanketi ukutani kuanzia juu mpaka chini, na kumwambia kila anayeingia, "Karibu studio." Binti alipokuja kusalimia akakuta hana pa kulala. Alinuna siku nzima.

Studio ni neno kubwa, haya, tukubaliane. Ni kompyuta ya zamani, maiki moja, hedifoni zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, na kiboksi kidogo chenye priampu moja. Usiogope hilo neno. Sauti ikitoka kwenye maiki huwa nyembamba mno, kama mtu anayenong'ona akiwa chumba cha pili. Kazi ya priampu ni kuinyanyua mpaka iwe na nguvu ya kuingia kwenye kompyuta, bila kubeba mvumo wa umeme njiani. Hiyo tu. Sasa nenda dukani uone wanavyokuapia kwamba ile ya bei kali ina joto, ina utamu, ina roho! Waya akisikia habari za roho ya kiboksi anacheka mpaka anashikilia meza.

"Roho anayo anayeimba," husema. "Boksi lina waya."

Na kwa priampu hiyo moja alikuwa anarekodi watu vizuri tu, mmoja mmoja: leo gitaa, kesho sauti, keshokutwa kinanda, kila kitu kwenye njia yake ndani ya kompyuta, kisha anavichanganya vyote. Waliopita pale hawakulalamika. Mpaka siku dada yake alipokuja kibandani.

Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Waya akiwa bado hajaota meno ya mbele ya ukubwani, na Dada, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, aliingia kwenye ushonaji na kumbeba mdogo wake kila alikokwenda. Waya alilala chini ya meza ya kukatia nguo, juu ya lundo la vipande vya vitambaa, na usingizi wake wote wa utotoni ulikuja na sauti ya Dada akiimba huku anakanyaga cherehani. Sauti ya Dada, jamani. Ilikuwa ya juu, safi, na ilikuwa na kicheko ndani yake hata alipoimba jambo la huzuni. Wateja walikuwa wanaleta nguo ambazo hazijachanika.

Siku hiyo Dada alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba magotini, akasubiri mwenye pasi aondoke.

"Wamekiona kinyama kooni," alisema. "Usinikodolee macho, si kibaya. Kinatolewa tu. Nimeshapangiwa siku, ni wiki ijayo mwishoni."

"Na sauti?"

"Sauti itarudi, daktari amesema. Ila hajui itarudi ipi."

Waya aliweka bisibisi chini. Dada akaendelea.

"Nataka unirekodi kabla. Wimbo mmoja tu, ule wa kazini. Nikirudi nikiwa nakwaruza kama mlango, angalau uwepo mahali."

Ule wa kazini Dada aliutunga mwenyewe kuwacheka washonaji wenzake na uongo wao kwa wateja. Anaanza yeye, "Njoo kesho, mteja wangu, gauni liko tayari," na wenzake wawili wanamjibu, "Limebaki mkono mmoja, na zipu iko safari!" Unaendelea hivyo mpaka mteja anakwenda harusini amevaa shuka. Ni wimbo wa kuvunja mbavu.

Kesho yake mchana Dada alikuja kwenye chumba cha nyuma. Waya akamvisha hedifoni, akamsimamisha mbele ya maiki, akamwambia imba. Dada alisimama kama anayepigwa picha ya pasipoti. Akaimba mstari mmoja, akasita. Akaimba tena, akasahau maneno ya wimbo alioutunga mwenyewe.

"Hapana," alisema akivua hedifoni. "Namwimbia nani hapa? Kabati?"

"Imba tu, Dada. Wenzako nitawarekodi kesho, halafu nitawaunganisha."

"Utatuunganisha vipi na sisi hatujaonana? Mimi naingia nikiona nyusi za Bibi Pasi zimepanda. Na Kifungo asiponigusa bega sijui nimalizie wapi. Na miguu yangu inafanya nini hapa? Iko bure!"

Hapo ndipo Waya alipoelewa, na akajiona mjinga kwa kutoelewa mapema, yeye aliyekulia chini ya meza ile. Wale watu hawakuwa wanaimba kisha wanashona. Ilikuwa kazi moja. Dada anakanyaga cherehani, na mwendo wa wimbo unatoka kwenye kanyagio. Bibi Pasi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, anayeongea kwa nyusi, anapandisha nyusi na pasi kwa pamoja kuonyesha pa kuingilia. Kifungo, mtia vifungo, anasimama bega kwa bega na Dada kwa sababu akisimama mbali anapotea. Ukiwatenganisha hakuna wimbo.

Kwa hiyo lazima waimbe pamoja, kwa wakati mmoja, na cherehani ikiwemo. Kuwawekea maiki moja katikati haiwezekani, maana Kifungo ana sauti ya kuitia teksi, angewameza wote. Kila mtu na maiki yake, kila maiki na priampu yake, kila sauti na njia yake, ili baadaye mwenye makelele apunguzwe na mwenye haya aongezwe. Sauti tatu na cherehani: njia nne. Kiboksi cha Waya kilikuwa na matundu manne nyuma ya kuingizia sauti, lakini priampu ilikuwa moja. Matatu yalikuwa yamekaa pale tangu siku aliyokinunua, yana vumbi.

Alikwenda dukani. Muuzaji alikuwa na tai, na alimwonyesha mtambo wa njia nne wenye taa za buluu. Akataja bei yake. Waya akamwomba arudie, kisha akauliza kwa upole kama hiyo ni pamoja na duka.

"Mama, ukichukua za rahisi utajuta," muuzaji alisema. "Zinaleta kelele."

"Mwanangu, kelele ninayo tayari, inaitwa Kifungo," akamjibu, akatoka.

Njiani ndipo alipokumbuka mixa ya mshereheshaji, ile mashine ya kuchanganyia sauti za maiki. Mshereheshaji ni jirani, anaongoza sherehe za watu, na mixa yake ilimwagiwa soda na bwana harusi mwenye furaha iliyopitiliza. Ilikufa papo hapo, akamwachia Waya ili atoe spea. Sasa mixa ikifa si kila kitu ndani yake kimekufa. Soda ilikuwa imeingia upande wa kutolea sauti. Upande wa kuingizia, zile priampu ndogo za maiki zilizopangwa mstari, zilikuwa nzima, zinang'aa. Ni vitu vya bei poa kabisa, watu wanavidharau, lakini ukivipa umeme safi na ukivifungia ndani ya chuma kizuri, havina neno. Mshereheshaji aliposikia habari za Dada akaongeza maiki zake nne za kuazima, na kuagiza kwamba akifa Waya azirudishe vilevile.

"Akifa nani?" Waya aliuliza.

"Yeyote," akasema mshereheshaji.

Kisanduku cha kuzitia priampu hizo alikijengea kwenye kiwanda cha kushonea cha Dada, kwa sababu kwanza kuna meza kubwa na mwanga, na pili hakutaka kuwa mbali na dada yake wiki ile, na hilo hakumwambia mtu. Bati kubwa la biskuti lililokuwa likiwekewa bobini likamwagwa, likatobolewa mbele matundu manne ya soketi za maiki. Kila soketi ina vijitundu vitatu, kimoja cha ardhi na viwili vya sauti, na hivyo viwili havichanganywi. Waya wote aliokuwa nao Fundi ulikuwa mweusi, basi akaazima uzi: mwekundu anaufunga kwenye waya wa kulia, mweupe kwenye waya wa kushoto, kisha analehemu akifuata nyuzi. Moshi wa risasi ya kulehemia ukachanganyika na mvuke wa pasi. Bibi Pasi alipandisha nyusi, akafungua dirisha.

Akiwa kwenye soketi ya tatu akaitwa nje, kuna mtu na redio yake anataka jibu sasa hivi. Kifungo akadakia.

"Nenda, nitakufungia mimi hizo nyuzi. Mwekundu kulia, mweupe kushoto. Hiyo nayo ni kazi?"

"Usije ukaniharibia."

"Mimi natia vifungo tangu wewe hujajua kufunga viatu. Nenda huko!"

Waya alirudi, akakuta nyuzi zimefungwa vizuri kuliko alizofunga yeye, na vifundo vidogo vya kupendeza. Akalehemu, akamalizia ya nne mwenyewe, akafunika bati, akawasha. Kimya. Hakukuwa na mvumo, hakukuwa na mkwaruzo. Alipoongea kwenye maiki ya kwanza sauti ikaja imesimama, ya pili ikaja, ya tatu ikaja, ya nne ikaja. Akalibusu bati la biskuti mbele ya wateja.

Siku ya kurekodi ilipofika, ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya hospitali. Walikuja mchana na cherehani wakaibeba wanne mpaka chumba cha nyuma, wakipumua na kugombana mlangoni. Waya alitandika zulia chini ya cherehani, akaweka maiki moja karibu na kanyagio. Bibi Pasi akasimama na pasi yake ya baridi mkononi, maana alisema bila pasi hajui mkono uende wapi. Kifungo akajibandika begani kwa Dada. Kila mmoja na maiki yake.

"Kimya sasa," Waya alisema, hedifoni masikioni. Akasikiliza. Akakunja uso. "Kuna pampu ya maji?"

Hapakuwa na pampu. Alikuwa ni mumewe. Mume wa Waya ni mwokaji mikate, anaamka watu wote wamelala na analala watu wote wameamka, na chumba chao kinapakana ukuta na studio. Maiki nne zote zilikuwa zinamchukua vizuri, kwa uaminifu, akikoroma. Kifungo alikaa chini kwa kicheko. Ikabidi mwokaji aamshwe, akatoka na shuka kiunoni, akawasalimia shemeji zake kwa heshima zote, akaenda kumalizia usingizi wake kwa mshereheshaji.

Wakaimba. Mwenzangu, waliimba! Kanyagio ikaanza, nyusi zikapanda, Dada akafungua mdomo na ile sauti ikatoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Waya alikuwa anatazama taa za kompyuta zikicheza na haoni vizuri kwa machozi, na hapohapo anacheka, kwa sababu Kifungo alipofika kwenye zipu alipiga kelele hata Bibi Pasi akacheka kwa sauti, jambo ambalo watu hawajalisikia miaka. Walimaliza kwa pamoja, kanyagio ikasimama. Hakuna aliyetaka kurudia.

"Tusikie," Dada alisema.

Waya akavua hedifoni, akafungulia spika, akaziachia njia zote nne.

Na sauti ya Dada haikuwepo. Yaani ilikuwepo, lakini ilikuwa kitu gani kile? Ilikuwa nyembamba, imepungua tumbo, imebaki ganda, kama inatoka kwenye simu iliyoangukia chooni. Kifungo anasikika vizuri. Bibi Pasi anasikika. Cherehani inatembea. Dada, mwenye wimbo, amekuwa mtu wa mbali anayeimba puani.

Waya alizungusha huku na huku, akaongeza njia ya Dada. Alipoongeza ikawa mbaya zaidi.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akachukua mkoba wake, akauning'iniza begani.

"Imeshaondoka," alisema. "Nilijua. Wiki hizi naisikia inaondoka, nilikuwa najidanganya tu."

"Dada, ngoja—"

"Usinibembeleze. Maiki haina sababu ya kunisingizia." Akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nje.

Bibi Pasi akamfuata. Ndani wakabaki Waya na Kifungo. Kesho yake mapema Dada anaingia hospitali, na zawadi aliyopewa na mdogo wake aliyemlea ndiyo hii: kuonyeshwa kwamba hana tena kitu cha kupoteza. Heri angeachiwa na kabati lake. Alijichukia, akalichukia bati la biskuti, akamkumbuka hata yule muuzaji mwenye tai. Kisha akaanza kukasirika. Kwa sababu alikuwa ameisikia ile sauti chumbani, kwa masikio yake, haijapita hata nusu saa, na ilikuwa nzima!

Akavaa hedifoni. Akazima njia zote, akaacha ya Dada peke yake.

Ilikuwa nzima. Pana, safi, ina kicheko chake ndani. Akashusha pumzi. Akaongeza cherehani: nzima. Akaongeza Bibi Pasi: nzima. Akaongeza Kifungo, na Dada akasinyaa.

"Kifungo," alisema akivua hedifoni. "Njia ya tatu ni yako."

"Nimefanya nini tena?"

Waya alikuwa keshaanza kufungua bati. Ndani, nyuzi za soketi ya tatu zilikuwa vilevile, nyekundu kulia, nyeupe kushoto, vifundo vya kupendeza. Akalitazama kwa nyuma, akaligeuza akalitazama kwa mbele, akaligeuza tena.

"Ulipofunga hizi ulikuwa unaitazama soketi upande gani?"

"Wa ndani," Kifungo alisema, akashangaa kuulizwa. "Si ndipo panapowekwa alama? Nani anachora chaki kwenye uso wa nguo?"

Jamani! Mshonaji gani duniani anaweka alama kwenye uso wa nguo? Nguo inageuzwa, inachorwa kwa ndani, inashonwa kwa ndani. Kifungo aliligeuza bati kama anavyogeuza gauni, akaweka kulia kulia na kushoto kushoto, na kitu kikigeuzwa kulia kwake kunakuwa kushoto. Waya alizifunga zake akitazama kwa mbele. Njia tatu zinasukuma, njia moja inavuta. Na Kifungo akiwa amejibandika begani kwa Dada, maiki yake ilikuwa inamchukua Dada pia. Kwa hiyo sauti ya Dada iliingia mara mbili, huku inasukuma, huku inavuta, kama watu wawili wanaosukuma meza moja wakiwa pande mbili. Meza haiendi popote.

"Mimi ndiye nimemla Dada?" Kifungo aliuliza, macho yamemtoka.

"Wewe na mimi. Mimi ndiye niliyelehemu bila kukagua."

Kurekebisha hakukuhitaji hata chuma cha kulehemu. Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kuigeuza njia, kinachovuta kikasukuma. Waya alikibonyeza, na sauti ya Dada ikarudi katikati ya chumba, imenenepa, na tumbo lake lote. Hakumwita mtu. Alizungusha spika ikatazama mlango, akafungua mlango, akafungua na wa sebuleni, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Njoo kesho, mteja wangu, gauni liko tayari.

Dada aligeuka pale ngazini. Bibi Pasi alipandisha nyusi zote mbili, zikakaa hukohuko juu. Wakaingia ndani taratibu, Dada mbele, mkoba bado begani, akasimama mlangoni akijisikiliza. Kifungo hakuweza kuvumilia.

"Ni mimi, dada yangu! Nilifunga uzi kinyumenyume! Sauti yako haina tatizo, mimi ndiye nilikuwa naivuta!"

Dada alimtazama huyo, akamtazama mdogo wake, akatazama bati lililo wazi na vifundo vyake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya zulia la cherehani. Na alipofuta machozi, unajua alisema nini? Alisema ubeti wa tatu amekosea, warudie, na safari hii Kifungo apunguze domo. Wakaurudia mpaka mwokaji akarudi kutoka kwa mshereheshaji kuuliza kama katika nyumba hii mtu anaruhusiwa kula.

Hospitalini mambo yalikwenda salama. Kinyama kikatolewa, na daktari akamkataza Dada kutoa hata neno mpaka atakaporuhusiwa. Kile kipindi cha ukimya kiwandani kinasimuliwa mpaka leo. Dada alikuwa anaagiza kwa kugonga meza na mkasi, anagomba kwa kidole, na wateja kwa mara ya kwanza waliondoka bila kudanganywa, kwa kuwa mwenye kiwanda hakuweza kusema kesho. Waya alikuja kila jioni, akaongea kwa niaba ya wote wawili. Kila akiondoka aliomba sauti irudi ileile.

Haikurudi ileile. Ilirudi ya chini, nzito, ina mkwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Daktari alisema koo limepona vizuri. Kule juu, pale mwanzo wa wimbo, Dada alijaribu mara moja jikoni kwake, hakufika, na hakujaribu tena. Kuongea aliongea, kucheka alicheka. Kuimba, hapana. Kiwandani cherehani ikawa inakwenda yenyewe bila wimbo, na Bibi Pasi alipiga pasi akitazama chini.

Ukweli ni kwamba Waya alianza kuuogopa ule wimbo. Alikuwa ameumaliza, ameusawazisha vizuri, na hakuthubutu kumpelekea mwenyewe. Utampelekeaje mtu kitu alichonyang'anywa?

Ikawa Dada ndiye aliyekuja. Alikuja mchana, akamsalimia shemeji yake aliyekuwa anaingia kulala, akapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akakaa.

"Niwekee," alisema.

Waya akaweka. Alikaa mgongo amempa dada yake, hakutaka kuuona uso wake. Wimbo ukapita wote, mteja akaenda harusini na shuka yake, kanyagio ikasimama. Alipogeuka akamkuta Dada ameinamia kioo cha kompyuta, anaitazama mistari minne ya sauti.

"Huu wa juu ndio mimi?"

"Ndio wewe."

"Anaimba vizuri huyu," Dada alisema kwa sauti yake nzito. "Lakini yuko peke yake huko juu. Chini hapana mtu wa kumshika." Akagusa kioo kwa kidole. "Njia zimejaa?"

"Za kwenye bati ni nne. Humu ndani naweza kufungua nyingine hata mia."

"Fungua moja."

Waya alichomeka maiki, na Dada mwenyewe akaisimamisha sawa. Safari hii Dada hakusema habari za kabati. Alivaa hedifoni, akafumba macho, na cherehani ilipoanza masikioni mwake miguu yake ikaanza kukanyaga sakafu. Sauti yake ya zamani ikaimba juu, naye akaimba chini yake, polepole, akiifuata kila inapokwenda, inapocheka akiishikilia isidondoke. Mara mbili alikwaruza. Hakusimama.

Alipomaliza alivua hedifoni, akazishika magotini.

"Zima hao wengine," alisema. "Nataka kumsikia huyu mpya peke yake."

Waya akazima njia zote nne. Ikabaki ile moja: nzito, ina mikwaruzo, ya mama mtu mzima anayeimba habari za gauni lisilokwisha. Dada alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyomsikiliza mteja asiyemjua anapoeleza anachotaka.

"Na huyu ndio mimi?"

"Na huyu ndio wewe, Dada."

Dada alivuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Basi usimfute," alisema. "Warudishe wote, waimbe pamoja."